Zimwi lisilo na jina, na swali la "wewe ni wa wapi hasa?"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Tabora aliyeandika wiki mbili zilizopita, akitaka riwaya za kutisha za Kizungu ziondolewe kwenye maktaba za shule zetu za sekondari. Alisema zinawaingizia watoto mapepo, na moja akaitaja kwa jina, ile ya "zimwi Frankenstein". Sina ugomvi naye. Ameandika kama mzazi, na hofu ya mzazi haidharauliwi. Lakini kitabu hicho nimekisoma mara nyingi, nimekifundisha, na miaka minne iliyopita kilinishika mkono siku ambayo sikuwa na mwingine wa kunishika. Siwezi kukaa kimya kikisemwa vibaya.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kasulu, sasa nakaa Ujiji. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza kwa miaka 31.

Kwanza jina. Frankenstein si zimwi. Ni jina la ukoo la kijana wa Geneva, Victor Frankenstein, aliyekwenda kusoma chuo kikuu Ingolstadt, Ujerumani, akakusanya viungo vya maiti, akaviunga vikawa mwili mmoja, akautia uhai. Mwili ulipofumbua macho, yeye akakimbia. Hakuupa jina. Kitabu kinaanza na kuisha kiumbe yule hana jina. Anaitwa shetani, mdudu, dubwana, kutegemea nani kamkasirikia. Kwetu mtoto hata kitovu hakijadondoka watu wanauliza, anaitwa nani? Huyu hakuulizwa na mtu, na sisi wasomaji tumemmalizia kwa kumvika jina la yule aliyemkimbia.

Mwandishi wake, Mary Shelley, alikuwa binti wa miaka 18 alipoanza kukiandika mwaka 1816. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1815, mlima Tambora huko Indonesia ulilipuka, majivu yakatanda angani, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Ulaya haikuona kiangazi. Mvua na baridi zikamfungia ndani na wenzake katika nyumba kando ya ziwa la Geneva, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Nasi watu wa ziwa tunajua masika yakigonga bati usiku kucha watu husimuliana nini. Binti yule alikuwa na mengi ya kusimulia. Mama yake mzazi alifariki siku chache baada ya kumzaa, mwaka 1797, na kabla ya kuanza kitabu alikuwa amekwisha kumzika mtoto wake wa kwanza. Anayeandika juu ya uhai unaotoka kwenye maiti akiwa na historia hiyo hachezi na mapepo. Kitabu kilipochapwa London mwaka 1818, hata jina lake yeye mwandishi halikuwekwa.

Riwaya za jamii hii huitwa za Kigothi. Mwingereza Horace Walpole ndiye aliyefungua njia mwaka 1764, na za mwanzo zimejaa ngome, makaburi na mapango ya chini kwa chini. Hizo sizitetei sana, nyingi zinachosha. Ninazozitetea ni zile zilizokuja baadaye, ambazo mzimu umehama kaburini ukaingia ndani ya mtu mwenyewe, ukakaa naye meza moja, ukavaa nguo zake.

Mwaka 1997 nilikuwa nafundisha shule ya bweni mkoani humu. Nakala ilikuwa moja tu, jalada limeng'oka, kurasa nimezishona kwa uzi wa nailoni. Jioni umeme ukikatika nilikuwa nawasha taa ya chemli, wanafunzi wanasogeza madawati, nawasomea kwa sauti, Kiingereza kwanza kisha nawaeleza kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyokimaliza, mihula miwili.

Kuna sehemu ambayo ningependa ndugu yangu wa Tabora aisome kabla hajaandika barua nyingine. Kiumbe amejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini ya Kifaransa, wakimbizi wenyewe, waliotoka Paris wakaja kuishi msituni Ujerumani. Ukutani kuna ufa. Majira yote ya baridi anachungulia kwa ufa ule. Usiku anawatafutia kuni anaziacha mlangoni, asubuhi wanashangaa nani kaleta. Lugha anajifunza kwa kuwasikiliza, na maneno yake ya mwanzo ni manne: moto, maziwa, mkate, kuni. Nilipoyaandika ubaoni, msichana mmoja aliyekaa nyuma alisema, "Mwalimu, ni kama watoto wa kambini wanaokuja sokoni. Na wao wanaanza na kuni." Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa mkoani kwetu, kutoka Burundi na Kongo, na kila mtu darasani alijua anazungumzia nini.

Siku moja vijana wa nyumba ile wametoka kutembea. Amebaki mzee peke yake, na mzee ni kipofu. Kiumbe anabisha hodi. Anakaribishwa, anaketi karibu na moto, wanazungumza. Mzee anamwambia kwamba kwa lugha yake anamdhania ni mtu wa nchi moja naye. Je, ni Mfaransa? Anajibu hapana, ila amefunzwa na familia ya Kifaransa na lugha anayoielewa ni hiyo tu. Mzee anasema yeye uso hauoni, lakini kuna kitu katika maneno ya mgeni wake kinachomfanya aamini kuwa anasema kweli.

Katika kitabu chote sikumbuki mahali pengine ambapo mtu anamkaribisha yule kiumbe kiti. Vijana wanarudi. Msichana mmoja anazimia, mwingine anakimbia nje, na kijana wa kiume anamng'oa magotini pa baba yake na kumpiga kwa fimbo. Kiumbe ana nguvu za kumrarua yule kijana kama simba anavyorarua swala, na anasema hivyo mwenyewe. Hamgusi. Anatoka, anarudi kibandani.

Nilikuwa nikifika hapo nafunga kitabu kidogo, tunakaa kimya.

Sasa nieleze yangu. Miaka minne iliyopita binti yangu alijifungua Lusaka, mjukuu wangu wa kwanza. Nikaenda kuomba hati ya kusafiria kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, katika mji ambao sitautaja. Nilibeba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kadi ya mpigakura, barua ya mtendaji wa mtaa, na barua yangu ya kustaafu yenye mhuri. Kijana aliyenihudumia alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Akatazama cheti, akaona Kasulu. Akanitazama.

"Mama, wewe ni wa wapi hasa?"

Nikamwambia.

"Bibi mzaa mama alizikwa wapi?"

Nikamtajia kilima.

"Hebu ongea Kiha kidogo."

Nikaongea. Yeye Kiha hakijui, akamwita mwenzake aje asikilize. Yule mwenzake akaegemea kaunta, akasikiliza kama mtu anayejaribu redio, akasema, "Ni kama Kirundi tu."

Ni kweli vinafanana. Muha na Mrundi wakikutana wanaelewana. Lakini mzee kipofu wa kitabuni alisikia lugha ya mgeni akasema, wewe ni wa kwetu. Hawa walisikia lugha yangu, macho yao mazima, wakaona mimi si wa kwao. Kijana akaandika kwenye jalada. Nimesahihisha insha za watoto miaka yote hiyo, maandishi yaliyogeuzwa kichwa chini hayanishindi kuyasoma. Aliandika: "Mwombaji anadai kuwa ni mzaliwa wa Kasulu."

Anadai.

Hati niliipata baada ya miezi saba na safari tano. Mjukuu nilimkuta ameshaanza kukaa.

Usiku wa siku ile ya kwanza sikupata usingizi, na kitabu kilichonijia ni kingine, kile cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1886 kuhusu Dakta Jekyll na Bwana Hyde. Wengi wanakijua kwa kusikia: daktari mwema mchana, muuaji usiku. Hapa pia pana kosa. Jekyll hakuwa mtu mwema aliyevamiwa na shetani kutoka nje. Alikuwa mtu mwenye heshima zake London aliyetaka kufanya maovu bila jina lake kuchafuka, basi akajitengenezea dawa, na dawa ikamtoa mtu wa kuyabeba. Stevenson alizaliwa Edinburgh, mji ambao karne moja kabla ulimnyonga William Brodie, seremala mashuhuri na diwani, aliyekuwa akitengeneza makabati na kufuli za matajiri mchana na kuwaibia usiku. Alinyongwa mwaka 1788. Stevenson alimjua tangu utotoni. Chumbani kwake palikuwa na kabati lililosemekana limetoka kwenye mikono hiyo hiyo.

Kinachotisha mle ni mkono. Jekyll amelala nyumbani kwake akiwa Jekyll, bila kunywa dawa. Asubuhi anafumbua macho, mwanga umeingia, anaona mkono wake juu ya shuka. Mkono wake yeye ni mkubwa, mweupe, wa daktari. Ulio juu ya shuka ni mwembamba, mishipa imetoka, vifundo vimetokeza, umejaa nywele nyeusi. Ni wa Hyde. Amelala mmoja, ameamka mwingine.

Halafu kuna pale anapoandika ungamo lake. Anasimulia matembezi ya Hyde usiku mjini, na katikati ya sentensi anakwama. Anaandika "yeye", kisha anaeleza kwamba hawezi kusema "mimi".

Kwa Kiingereza hapo limebadilika neno. Kwetu inatosha silabi moja: "nilitembea" imekuwa "alitembea". Ni- imekuwa a-. Nimefundisha viambishi vya nafsi miaka yote hiyo, na kila mwaka nilikuwa nawaambia watoto waangalie lugha yao imeliitaje jambo hili. Anayesema ni nafsi ya kwanza, anayeambiwa ni nafsi ya pili, anayesemwa ni nafsi ya tatu. Ni neno lile lile tunalolitumia tukisema mtu nafsi yake inamsuta. Waliotutungia sarufi sijui kama walilifikiria, lakini Jekyll angeuelewa msamiati wetu kuliko wa kwao: nafsi yake ya kwanza imekuwa ya tatu, na haimrudii.

Mimi sikunywa dawa. Nilitolewa nafsi ya kwanza nikawekwa ya tatu na kijana mwenye kalamu ya bluu, watu wa foleni wakiwa wanasikia. Tofauti hiyo naiona. Jekyll alijigawa kwa tamaa yake. Kiumbe wa Mary Shelley aligawanywa na macho ya wengine. Kuna siku aliinama kwenye dimbwi, akaona uso wake majini, akaruka nyuma asiamini kuwa ni yeye, kwa sababu hadi saa ile alikuwa akijijua kwa mawazo yake tu, na mawazo yake yalikuwa mazuri.

Bibi yangu aliyeulizwa kaburi lake hakuwahi kuhama kilima alichozaliwa. Wakati wa Wajerumani, Buha, Urundi na Ruanda zote zilikuwa ndani ya koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja, wakachukua Kigoma na Tabora. Hapa Kigoma walikaa hadi 1921, ndipo wakawaachia Waingereza, na Urundi ikabaki kwao. Kalamu ikapita katikati ya watu waliokuwa wakioana. Bibi alizaliwa kwa Mjerumani, akavunja ungo kwa Mbelgiji, akazeeka kwa Mwingereza, kitanda kile kile cha miti. Leo mjukuu wake anaambiwa aseme kidogo tusikie.

Lakini kilichonitisha kuliko ofisi kilitokea miezi miwili baadaye, na sikuwahi kumsimulia mtu mpaka leo. Nilikuwa kwenye treni narudi Kigoma kutoka safari mojawapo ya zile tano. Treni ilisimama Tabora usiku. Behewa limejaa, mbele yangu abiria nisiowajua. Simu ikalia, dada yangu mkubwa, anapiga kutoka Kasulu. Mimi na dada tangu tujue kusema tumezungumza Kiha. Hatujawahi kuamkiana kwa Kiswahili, hata msibani. Nikapokea. Sikupanga, mdomo uliamua wenyewe: nikamwamkia kwa Kiswahili, tena kilichonyooka, cha taarifa ya habari.

Kukawa kimya. Kisha dada akasema kwa Kiha, kwa adabu, kama anavyosema na mtu baki, "Samahani, naomba umpe simu mwenyewe."

Nikamjibu, "Ni mimi." Nikalisema kwa Kiswahili.

Akarudia, "Mpe simu mwenyewe."

Nje kulikuwa giza. Kwenye kioo cha dirisha niliona uso wa mama wa makamo amejitanda kitenge, simu sikioni, taa za stesheni zinapita kwenye paji lake. Nilijua ni mimi. Nilichotaka kujua ni yule aliyemjibu dada yangu ni nani, na amekaa ndani yangu tangu lini. Ndipo nikaongea Kiha, kwa kunong'ona, mdomo nimeuziba kwa ncha ya kitenge wale abiria wasisikie. Dada akacheka, akasema mtandao ulikuwa mbaya. Nikamwacha aamini hivyo.

Ndugu yangu wa Tabora, hicho ndicho vitabu hivi vinazungumzia. Nilipofika nyumbani nilitoa ile nakala iliyoshonwa nikasoma tena ukurasa wa dimbwi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kaunta nikalia vizuri. Niliona kwamba binti wa miaka 18, wa nchi ya mbali, aliyejiona tangu kuzaliwa amekuja na kifo, alilijua jambo langu na kulipa maneno. Mapepo hayakuingia. Kama kuna kitu, kimoja kilitoka.

Unasema hofu hii ni ngeni kwetu. Sisi watoto wa zamani tulikuwa tukikimbia kurudi nyumbani jua likizama kwa kuogopa mumiani, na hakuna kitabu kilichotufundisha. Na huko kwenu, kama Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa kisa cha macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka hamsini. Waliowakata mapanga hawakuwa wametoka kusoma riwaya. Walitazama uso wakajipa jibu, kama yule kijana mwenye fimbo.

Sitaki nionekane nampamba yule kiumbe. Anaua. Anamuua mtoto mdogo, William, mdogo wake Victor. Msichana wa kazi asiye na hatia ananyongwa kwa kosa hilo. Anamuua rafiki wa Victor, na bibi harusi wake usiku wa harusi. Darasa langu la 1997 liligombana juu ya hilo jioni mbili mfululizo. Mvulana mmoja, baba yake mvuvi wa Kibirizi, alisimama akasema aliyezaa akakimbia ndiye ahukumiwe kwanza. Yule msichana wa nyuma, wa kuni, akamjibu kwamba William naye alikuwa mtoto, alikosa nini? Mvulana hakupata la kumjibu, akakaa, na dakika kumi baadaye akasimama tena. Taa iliishiwa mafuta wakiendelea gizani. Niliwapa wote wawili alama za juu, maana mpaka leo mimi mwenyewe sijui ningesimama upande gani. Kiumbe yule sijamsamehe kwa William. Victor sijamsamehe kwa siku ile ya kwanza. Watoto wa miaka kumi na saba wakiweza kubishana hivyo bila kupigana, mimi sioni nani amepagawa.

Naelewa kuna vitabu na picha za video zinazomwaga damu tu ili ziuze, na mzazi ana haki ya kuzizuia mlangoni kwake. Walimu wachague, wasome wao kwanza, wakae na watoto wakati wa kusoma. Ila kuviweka vyote kwenye boksi moja kwa sababu jalada lina uso wa kutisha, hapana.

Mhariri, nina ombi moja dogo. Ukiichapa barua hii, tafadhali usiweke ile picha ya jitu lenye kichwa bapa na misumari shingoni. Hiyo imetoka kwenye filamu ya Marekani ya mwaka 1931. Kitabuni ana nywele nyeusi ndefu zinazong'aa, meno meupe kama lulu, ngozi ya manjano isiyofunika vizuri misuli, na midomo myeusi. Victor alimchagulia viungo vizuri. Alitaka apendeze.

Na kwa ndugu yangu wa Tabora: nakala yangu bado ninayo, nimeishona upya. Ukimwachia mhariri anwani yako nitaifunga kwenye bahasha nikupelekee kwa treni. Pembe ya ukurasa nimeikunja pale mzee kipofu anapouliza swali lake. Anzia hapo.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma